Hesabuni kwanza, mtangaze baadaye

*Safu ya maswali ya kazini. Anayejibu alikuwa mfumaji na mwakilishi wa tawi la chama cha wafanyakazi katika kiwanda kimoja cha nguo Dar es Salaam.*

Swali: Shikamoo mama. Nashona kwenye kiwanda hapa Dar, mwaka wa pili sasa, kwa mikataba ya miezi sita sita. Wiki iliyopita kaka mmoja wa sehemu ya kukatia alituletea fomu za chama cha wafanyakazi. Supavaiza akasikia. Kesho yake asubuhi akasimama katikati ya laini, akasema atakayejaza hizo karatasi asitegemee mkataba mpya. Nina watoto wawili na chumba cha kupanga. Mume wangu anasema vyama vinakula ada tu. Je, nijaze? – *Mshonaji, Mbagala*

Jibu: Marahaba mwanangu. Huyo supavaiza wako ni kama namsikia. Wa kwetu alikuwa na kibao: kipande cha mbao upana wa kiganja, kimetobolewa tundu na kutiwa kamba, kinaning'inia kwenye msumari karibu na meza yake. Ukitaka kwenda msalani unachukua kibao. Usipokikuta, ujibane mpaka mwenzio arudi. Wanawake arobaini, kibao kimoja. Siku moja mwenzetu mjamzito alijikojolea mbele ya mashine, akamaliza zamu amejifunga khanga ya kuazima. Kulalamika tulilalamika, ila mmoja mmoja, na kila aliyeingia ofisini aliulizwa, "Mbona wenzako hawasemi?"

Kibao kilitoka ukutani mwezi uleule tawi letu lilipotambuliwa. Nyongeza ya mshahara ilichukua zaidi ya mwaka, nisikudanganye.

Haki ya kuunda chama na kujiunga nacho imo kwenye kifungu cha 9 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na hapohapo imekatazwa kumbagua mfanyakazi kwa kuitumia haki hiyo. Kwa hiyo supavaiza wako amevunja sheria, tena mbele ya mashahidi laini nzima. Usibishane naye. Andika leo, hata kama ni nyuma ya daftari la mtoto: tarehe, saa, maneno yake kama yalivyomtoka, na nani walikuwa kwenye vyerehani vya jirani.

Kuhusu mkataba, sikiliza vizuri. Usipoongezewa ilhali ulikuwa na sababu ya kutegemea kwamba utaongezewa, kama wewe ambaye umeshaongezewa zaidi ya mara moja, sheria inahesabu kuwa umeachishwa kazi. Ukiachishwa isivyo haki, unazo siku 30 kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Thelathini, basi. Nimeona watu wenye kesi nzuri kabisa wakikaa nyumbani wanangoja bosi apoe awaite, wakija kushtuka ni wiki ya sita. Na kule CMA ofisa wa chama anaruhusiwa kukusimamia. Bila chama, huenda ukajisimamia mwenyewe au utafute hela ya wakili.

Sasa, ujaze? Jaza. Lakini si peke yako, na si mbele ya macho ya supavaiza. Huyo kaka wa kukatia ana moyo mzuri, ila ameharakisha. Sisi mwaka 2008 fomu zetu zililala chini ya kapu la vitumbua la mama lishe wa getini. Unakuja kunywa chai, unajaza, unatia sahihi, unarudi zamu na kitumbua chako. Wengine walitia dole gumba. Waliokataa hatukuwanunia, na wengi wao walikuja wenyewe baadaye.

Kiwanda kilikuwa na wafanyakazi 310, nasi hatukutamka neno mpaka fomu ya 156 ilipojazwa. Kwa nini 156? Kwa sababu chama chenye zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa eneo hilo la kazi kinastahili kutambuliwa kuwa ndicho pekee cha kujadiliana na mwajiri, na mwajiri akishapokea notisi anatakiwa akutane nacho ndani ya siku 30. Akigoma, mnakwenda CMA, na ikishindikana huko, Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Siku tulipopeleka barua, meneja alianza kuuliza nani kiongozi. Tukamwonyesha orodha. Angemfukuza nani katika watu 156, na mashine azifumie mwenyewe?

Nirudi kwa mumeo, maana hajakosea kabisa. Wazee wetu walikatwa ada ya NUTA, chama cha wafanyakazi cha enzi zao, kisha ya JUWATA iliyokirithi, iliyokuwa jumuiya ya chama tawala, na wengi hawakuona ilikokwenda. Hata leo wapo viongozi wa tawi ambao kazi yao ya mwaka mzima ni kugawa fulana za Mei Mosi. Wa namna hiyo mnamng'oa kwa kura, kwa kuwa wawakilishi mnawachagua wenyewe. Tena ada ya uanachama haikatwi bila sahihi yako, na ukitaka ikome unaandika notisi ya mwezi mmoja.

Mimi nilikatwa asilimia 2. Kwa mshahara wa shilingi 200,000 hiyo ni 4,000. Tulipotia sahihi mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, kiwanda kilileta basi la zamu ya usiku. Muulize mumeo bodaboda saa 5 usiku mpaka kwenu ni shilingi ngapi, halafu zidisheni kwa siku za zamu.

Swali: Mimi ni dada wa kazi za ndani, Tanga. Nyumba nzima mfanyakazi ni mimi tu. Chama kinanihusu? – *Dada wa Tanga*

Jibu: Kinakuhusu, mwanangu. Sheria haikusema lazima muwe wengi ndipo uruhusiwe kujiunga. Waulizie CHODAWU, ndio wenye wafanyakazi wa majumbani na mahotelini. Unastahili mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na kama bosi wako hakupi, hilo liwe la kwanza kuwaeleza. Nenda na yule mwenzio wa nyumba ya pili mnayekutana naye dukani asubuhi mkinunua mkate. Najua mnaongea.