Kiki na blowauti: tofauti yake na hesabu ya tope

Ndugu, umeuliza kiki na blowauti zinatofautianaje katika uchimbaji wa visima vya mafuta na gesi. Kiki ni gesi, mafuta au maji ya mwamba kuingia kisimani kwa kuwa shinikizo la mwamba limelishinda la tope, yaani majimaji mazito yanayojaza shimo wakati wa kuchimba. Hapo bado inadhibitika. Ikiponyoka ndiyo blowauti.

Hesabu: uzito wa tope (kilo kwa lita) × kina cha wima (mita) × 0.0981 = shinikizo kwa bar. Tope la 1.2 kwenye mita 3,000 hutoa kama bar 353. Mwamba wenye bar 370 utalisukuma. Tumia kina cha wima, si urefu wa shimo. Wengi hukosea hapo.

Kiki nyingi huja mabomba ya kuchimbia yanapotolewa: yakivutwa haraka, kekee hunyonya kama bomba la sindano, au shimo halijazwi tope kufidia chuma kilichotoka. Pampu zikizimwa na tope bado linatiririka, usisubiri kuambiwa: funga BOP (vali kubwa za kuziba mdomo wa kisima), shinikizo litulie, ulisome. Ndani ya mabomba ikisoma bar 17, uzito wa tope jipya la kuusawazisha mwamba ni 1.2 + 17 ÷ (3,000 × 0.0981), karibu 1.26.