Mtani siyo hasimu

SWALI: Kamwene mwalimu. Juzi hapa Mafinga kwenye kibanda umiza tuliangalia filamu ya kihistoria ya Reagan, rais wa Marekani, na Gorbachev, kiongozi wa Urusi ya Kisovieti, walivyokutana Reykjavik kule Iceland, Oktoba 1986. Mtafsiri kila saa anasema Marekani na Urusi ni "watani wa jadi", mwenzangu kabisha, eti ilitakiwa "mahasimu". Nani yuko sawa?

JIBU: Kamwene. Mwenzako yuko sawa, na hili jambo limeniuma muda mrefu.

Hasimu limetoka Kiarabu, ndugu zake ni uhasama na kuhasimiana, hapo hakuna kesi. Kesi ni mtani. Watangazaji wa mpira wakiwaita Simba na Yanga watani wa jadi sina neno, wale wanataniana kweli, leo kakufunga kesho mnakula ugali sahani moja. Ila sasa neno limetoka uwanjani, nchi zikirushiana makombora watani wa jadi, vyama vikipelekana mahakamani watani wa jadi, hapana jamani!

Mchukulie Mhehe na Mngoni. Walipigana vita ya kweli kuanzia 1878 mpaka 1882, watu wakafa, hakuna aliyemmaliza mwenzie, wakachoka wakaachana. Utani ukaja baada ya damu kukauka. Leo Mngoni akija msibani kwa Mhehe anaweza kuzuia jeneza mpaka apewe hela, anamsema marehemu kwamba alikuwa mlafi, wafiwa wanacheka na machozi bado yako mashavuni, na huruhusiwi kununa, maana huyohuyo ndo anayeshika koleo kuzika. Mtani ana ruhusa, na ruhusa hiyo hapewi mtu ambaye bado unamwogopa.

Sasa Reagan na Gorbachev nani kampa mwenzie ruhusa? Siku mbili wako kwenye ile nyumba ya Höfði, hapo Reykjavik, wanajadili kupunguza silaha, kila mmoja makombora yake ya nyuklia yameelekezwa kwa mwenzie, na mwisho wakakwama kwenye neno, ndiyo, neno: maabara. Gorbachev anataka majaribio ya silaha za kujikinga kutoka angani yasitoke nje ya maabara kwa miaka 10, Reagan hataki, wakaondoka bila kusaini kitu. Mkataba ulisubiri mpaka Desemba 1987 kule Washington, nao ukafuta makombora ya nchi kavu ya kilomita 500 mpaka 5,500 tu, yale makubwa ya kuvuka bahari yakabaki palepale.

Wangekuwa watani, mmoja angelifuta hilo neno kwenye karatasi na mwenzie asingenuna.