Mumeo si bahili, fungua maboksi ya chini ya kitanda

"Shangazi, majani yameanza kupukutika na nyumba za wenzangu zimependeza: mashada milangoni, maboga mezani. Mume wangu hataki kutoa hata senti ya mapambo. Mwaka jana nilikopa kwa shoga yangu, maboga yakaoza mezani, na hadi leo mume ananisimanga. Mapambo mengine yamo kwenye maboksi mawili chini ya kitanda, lakini yamepitwa na wakati. Mwanamume bahili hivi ananipenda kweli?" Mke Mpweke

Pole, binti yangu. Kutaka nyumba ipendeze si dhambi. Ila barua yako nimeirudia mara mbili, na kila nikiirudia naona mwenye haki ni huyo unayemshitaki. Ulikopa, na husemi kama alijua. Pesa ikaozea mbele ya macho yake. Maboksi mawili yamelala chini ya kitanda, nawe unaomba mengine. Je, deni la shoga yako umeshalilipa? Hapo barua imenyamaza. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Hayo maboga nahisi uliyachonga. Boga likishachongwa halimalizi wiki, kwa kuwa nyama yake imeachwa wazi na ukungu hauchelewi. Lililo zima, lenye ganda gumu na kikonyo chake, hukaa mwezi mmoja hadi mitatu mahali pakavu penye ubaridi. Nunua moja tu, la kula. Libonyeze kwa ukucha. Ukucha ukizama, liache hapo hapo. Usilibebe kwa kikonyo, maana kikinyofoka uozo huingilia pale. Lioshe kwa maji lita 4 yenye kijiko kimoja cha chakula cha dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe, lisuuze, lifute likauke kabisa, kisha liweke juu ya sahani. Likikaa juu ya mbao tupu, unyevu hujikusanya chini, boga huoza na meza huingia doa. Msimu ukiisha kabla halijalainika, limenye mpike. Mumeo ataiona pesa yake kwenye sufuria.

Majani yako nje, bure. Okota yaliyoanguka leo, yasiyolowa maji, yapange kati ya magazeti chini ya vitabu vizito kwa wiki moja hadi mbili. Siku za mwanzo badilisha karatasi kila baada ya siku mbili. Usipobadilisha, unyevu hubaki na majani hugeuka meusi.

Ukitaka matawi ya kudumu, nunua gilisirini duka la dawa. Changanya kipimo kimoja na maji ya moto vipimo viwili. Ponda ncha ya tawi kwa nyundo kiasi cha sentimita 5, lisimamishe kwenye mchanganyiko wenye kina cha sentimita 10, uwe unaongeza unapopungua. Baada ya wiki mbili au tatu majani huwa ya hudhurungi, laini kama ngozi. Wengi hukosea hapa: hukata tawi lililokwisha kuwa jekundu. Hilo halinywi tena. Kata majani yakiwa bado mabichi.

Koni za misonobari zioke kwa nyuzi 100 nusu saa hadi saa nzima, ukizichungulia. Wadudu hufa na magamba hufunguka. Mishumaa iwe mbali na vyote hivi.

Ndoa za siku hizi zinaumizwa na picha. Mke anaona meza ya mwenzake, haoni daftari lake la madeni, kisha anamrudia mumewe na uso wa kununa. Ukiiga tembo utapasuka msamba. Mwanamume anayehesabu pesa ya nyumba anailinda nyumba, na huyo wako anastahili shukrani.

Leo jioni yavute maboksi, mwite myafungue pamoja. Shada la zamani ling'oe maua yaliyofifia, bakiza duara, lifunge majani mapya kwa uzi. Na kabla hujamtuma akakate matawi, mtajie lile deni ni kiasi gani.