Gereji ya Wasomaji: Diski mpya, na usukani bado unacheza

SWALI: Habari ya kazi fundi. Niko Mamboleo hapa Kisumu na nina Fielder ya 2009. Nikitoka Kakamega nikianza kushuka Riat, nikikanyaga breki tu usukani unatetemeka na pedali inanipigapiga mguu. Mwaka jana niliambiwa diski zimepinda, zikaskimiwa (zikakwanguliwa uso kwa mashine), gari ikatulia miezi kama mitatu ikarudia. Nikanunua diski mpya na padi mpya, tena sio za bei ya chini, na sasa naona imeanza tena. Fundi mmoja anasema niliuziwa feki, mwingine anasema ni shoki, kuna mwingine anataka tubadilishe hadi reki ya usukani. Nimechoka kutoa pesa. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu yangu wa Mamboleo, pole sana, na tafadhali reki usiguse. Jibu umeliandika mwenyewe hapo juu. Uliskimu ikapona ikarudi, ukaweka mpya ikapona ikarudi. Kitu kinachoharibu diski bado kiko kwa gari, na mtu akikuuzia diski za tatu bila kukitafuta tutaandikiana tena kabla ya Krismasi.

Watu wanapenda kusema diski imepinda lakini mara nyingi shida ni unene wake. Sehemu moja ikiwa nyembamba kuliko nyingine, kila diski ikizunguka pistoni ya kalipa (ile inayobana padi kwa diski) inasukumwa ndani inatoka nje, inasukumwa inatoka, mafuta ya breki yanarudi nyuma kidogo na mguu wako unasikia hiyo kitu kama mapigo. Na haihitaji tofauti kubwa, milimita 0.02 tu mguu umeshajua, na unywele wa kichwa chako ni mnene kuliko hapo. Shoki na bushi zilizochoka zinaweza kufanya mtetemo usikike zaidi kwa usukani, sikatai, ila haziwezi kukupiga mguu kupitia pedali.

Sasa huo wembamba unatoka wapi? Diski ikifungwa ikiwa imekaa upande hata kidogo, inazunguka ikiyumba. Unaendesha zako bila kugusa breki na ile sehemu iliyotokeza inakwaruza padi kila mzunguko, Kakamega na kurudi, wiki baada ya wiki, hadi pale pamelika. Ndio maana gari inatoka gereji ikiwa tamu kabisa halafu baada ya kilomita elfu kadhaa inaanza, na wewe unalaumu duka la spea.

Kwa hivyo mwambie fundi atoe gurudumu, atoe kalipa aifunge na waya juu isining'inie kwa paipu yake, atoe diski, halafu nyinyi wawili muangalie uso wa habu, kile kitovu cha gurudumu, pale diski inapokalia. Nina uhakika karibu wote mtakuta kutu. Wengi wanapitisha brashi ya waya mara moja wanafunga, na wanaacha ile kutu ngumu iliyojikunja kama pete kwenye shina la kila bolti, mahali brashi haifiki. Hiyo ndio inainua diski. Isuguliwe na msasa hadi chuma kionekane, na ndani ya diski pia upande unaokalia habu, kisha mpanguse vumbi lote. Wakati diski iko nje shika habu uizungushe na uitikise, ikilia au ikicheza beringi imekwisha, na kama gari iliwahi kuingia shimo kubwa habu yenyewe inaweza kuwa imepinda na hapo hakuna kusugua kutakakosaidia.

Halafu mpime, hapa ndipo utamjua fundi. Diski irudishwe ifungwe na nati zake zote, dayal geji (ile saa ya kupima diski inavyoyumba) iwekwe karibu na ukingo, kama milimita 10 kutoka mwisho, na izungushwe polepole kwa mkono. Kwa gari ndogo kama yako, kuyumba kukizidi milimita 0.05 kuna kazi. Usikimbilie kununua kitu, toa diski uihamishe tundu moja mbele upime tena, yako ina bolti tano kwa hivyo una nafasi tano za kujaribu, na mara nyingi kuna moja ambayo diski na habu zinaelewana. Mkiipata wekeni alama na rangi ili siku nyingine irudi hapo hapo. Unene nao upimwe kwa maikromita, kile kipimo cha kubana chenye ncha ndogo, sehemu kama nane kuzunguka. Vania ya kawaida itawadanganya kwa sababu taya zake zinakalia ule ukingo wa nje ambao padi haifiki, kwa hivyo diski iliyokonda itasomeka nene. Na kuna namba imegongwa kwa diski yenyewe ya unene wa chini kabisa, ikishapita hapo hakuna kuskimu, ni kutupa.

Kama gereji haina dayal geji tafuta nyingine, Kisumu sio kijiji.

Bado kuna mambo ya nati. Wale vijana wa matairi na ile mashine ya upepo, trrrr, moja imekazwa hadi inalia na jirani yake nusu, hiyo inavuta diski upande hata kama habu inang'aa. Mwambie azishikishe tu kwa mkono halafu azimalizie na toku renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), kwa mtindo wa nyota sio kwa duara. Fielder yako inataka kama Nm 103. Ukibadilisha tairi barabarani na wili spana ya kwenye buti sawa, ila ukifika nyumbani zirekebishwe.

Mwisho ni hiyo Riat yenyewe. Ukishuka na D mguu ukiwa kwa breki kuanzia Kiboswa, diski zinafika chini zikiwa moto sana, halafu unasimama kwa foleni ya Kondele umekandamiza pedali, padi ya moto inabandika unga wake kwa diski sehemu ile ile moja na hapo pia pataanza kupiga. Shuka na gia ya chini, na ukisimama acha nafasi mbele ili uweze kusogea kidogo kidogo badala ya kukaa umebana. Car wash pia, usiwaache wapige maji baridi diski ikiwa bado inachoma, zunguka kidogo kwanza ipoe. Na padi zikiwa mpya zizoeze, tafuta barabara tupu, toka 60 punguza hadi karibu 10 bila kusimama kabisa, rudia kama mara nane, halafu endesha tu bila breki zipoe.

SWALI: Fundi, mimi napeleka maziwa Nakuru kutoka Njoro na Probox. Yangu haitetemeki usukani, ni kiti na sakafu. Diski za mbele nimebadilisha, hakuna tofauti.

JIBU: Dada, ungeniandikia kabla ya kubadilisha! Mtetemo ukiwa kwa usukani anza mbele, ukiwa kwa makalio anza nyuma, na nyuma Probox yako ina dramu, ile ngoma ya breki, sio diski. Jaribu hivi: asubuhi mapema mahali pa tambarare hapana mtu, ukiwa kama 30, vuta handbreki polepole huku umebonyeza kile kitufe chake muda wote ili uweze kuiachilia mara moja. Ikitetemeka, ni dramu, kwa sababu handbreki inashika nyuma peke yake. Mara nyingi dramu imeacha kuwa duara, na wanaobeba mzigo huchangia wenyewe, mtu anafika breki zikiwa moto anavuta handbreki anaenda kushusha mitungi, dramu inapoa ikiwa imebanwa na viatu vyake vya breki. Ukifika na breki za moto weka gia na jiwe kwa tairi, handbreki ngoja kwanza. Dramu inaweza kupigwa lethi (kuchongwa kwa mashine) lakini soma kipenyo cha mwisho kilichoandikwa ndani yake kwanza.

SWALI: Niko Kakamega. Mvua ya jioni ikinyesha nikikanyaga breki kwa nguvu pedali inanguruma drrrr. Ni diski?

JIBU: Hapana, hiyo ni ABS, mfumo wa kuzuia tairi lisijifunge, inafanya kazi yake, tairi linataka kuteleza inaliachilia na kulishika haraka haraka. Endelea kukanyaga, usitoe mguu. Ila kama inanguruma hivyo lami ikiwa kavu na unasimama taratibu, ile dakika ya mwisho kabla gari itulie, sensa ya gurudumu moja ni chafu au ile pete yake ya meno imepasuka, na hiyo taa ya ABS inaweza isiwake kabisa. Pelekea mtu mwenye mashine ya kusoma spidi ya kila gurudumu, mwende naye polepole, aangalie ni lipi linaloanguka hadi sifuri kabla ya wenzake.