Kwihara Haitaki Haraka: gari, dereva na mwenyeji ukija kuona mambo ya kale Tabora

Nimezaliwa Tabora, nikasoma Tabora mpaka kidato cha nne, na tembe la Kwihara, nyumba ya kale ya udongo nje kidogo ya mji, nililiona kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka thelathini na nne. Nasema hivi kwa sababu najua tuko wengi. Kitu kikiwa nyuma ya nyumba yako unakiwekea kesho kila siku. Kilichonipeleka ni wageni: wafanyakazi wenzangu watatu kutoka Dar es Salaam waliokuja kwenye harusi ya mdogo wangu, wakasema hawapandi treni ya kurudi kabla ya kuiona nyumba aliyokaa Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi wa Kiskoti wa karne ya kumi na tisa.

Safari ile niliiharibu mwenyewe. Nilipiga simu moja tu, nikampata dereva aliyesema yeye anaendesha na anaongoza pia. Kwihara, boma la Wajerumani, stesheni, sekondari aliyosoma Mwalimu Nyerere, vyote kwa nusu siku na kwa bei moja. Nikaona nimeokoa hela. Tulipofika Kwihara hakuzima hata injini. Alitueleza akiwa ameegemea mlango wa gari kwamba hapa ndipo Livingstone alipofia, na moyo wake umezikwa chini ya mti. Mti upi? Akanyoosha mkono kwenye mwembe wa karibu. Wenzangu wakaupiga picha mwembe wa watu. Baada ya dakika ishirini tulikuwa barabarani tena, kwa sababu alikuwa na abiria wa kuwahi mjini.

Jioni mmoja wao akawa anasoma kwenye simu. Livingstone alifia kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, tarehe 1 Mei 1873, na moyo wake ulizikwa huko huko chini ya mti. Akaniuliza, "Sasa leo sisi tumeona nini?" Nilikosa la kumjibu, na mimi ndiye mwenyeji.

Mwaka uliofuata nilirudi likizo mwezi wa saba, nikaamua kumpeleka baba. Ana miaka sabini na sita, anatembelea fimbo, na naye alikuwa hajawahi kufika. Safari hii nilijipanga, na ninayoyaandika hapa nimeyatoa kwenye ile siku.

La kwanza, tenganisha dereva na mwongozaji. Dereva ni mtu wa gari. Akikuambia anajua na historia, huenda kweli anaijua, lakini muulize kwanza kwenye simu Livingstone alifia wapi. Akisema Kwihara, mkodi kwa gari lake tu na umheshimu kwa kazi hiyo. Halafu usimkodi kwa tripu, mkodi kwa siku. Dereva wa tripu akili yake iko kwa mteja anayefuata, na hata ukiwa mtu mzima utajikuta unatazama saa kwa niaba yake. Swali ninalouliza siku hizi ni moja: "Nikikaa Kwihara saa tatu nzima, utanidai nini cha ziada?" Aliyejibu, "Dada, siku ni yako," ndiye niliyemchukua. Tulielewana elfu themanini, mafuta juu yangu. Nikaenda naye sheli mwenyewe kuweka mafuta, na chakula chake cha mchana nikakihesabu kwenye bajeti tangu mwanzo. Kianzio nilimpa kidogo tu, iliyobaki tukamalizana jioni.

Mwongozaji ni kazi zaidi. Pale kwenye tembe yupo mhudumu. Unalipa kiingilio kwake, unadai risiti, naye anakutembeza ndani na kukuonyesha picha za zamani na nakala za maandishi. Msikilize, hiyo ndiyo kazi yake. Lakini mimi nilitaka pia mtu wa kijiji, aliyekulia pale. Siku moja kabla nilichukua bodaboda peke yangu mpaka Kwihara, kilomita chache tu kutoka mjini, nikaulizia wazee. Nilioneshwa nyumba ya mzee mmoja aliyekuwa anaanika mahindi. Nikamwamkia, tukaongea mvua na mavuno, nikamwambia nataka kumleta baba yangu. Hapo hapo nikamuuliza asante yake itakuwa nini. Alisita kutaja. Nikasema elfu thelathini na kilo mbili za sukari, akakubali. Tafadhali sana, usimwache mzee mpaka mwisho ndipo umpe unachojisikia. Kumkatia mtu mapema ni kumheshimu, naye anaongea akiwa na amani.

Tuliondoka mjini saa moja na nusu asubuhi. Baba na yule mzee walisalimiana Kinyamwezi, mwangaluka kwa mwangaluka, wakaulizana koo na vijiji karibu robo saa, nami sikuwakatisha. Dereva wa kwanza asingevumilia hilo. Na kama nisingelipia siku nzima, nami nisingevumilia.

Tembe lenyewe ni jumba refu la udongo mwekundu lenye paa bapa. Ukisimama barazani, kitu cha kwanza kukushika ni mlango: mbao nzito zilizochongwa kwa mtindo wa pwani, huku, katikati ya miombo, mwendo wa miezi kutoka baharini. Mzee alimshika baba mkono akamwekea kiganja ukutani. Nje jua lilishaanza kuchoma, ukuta ulikuwa baridi. Akaeleza tembe linavyojengwa: magogo yanalazwa juu ya kuta, juu yake fito, juu ya fito nyasi na udongo unaoshindiliwa mpaka unakaza. Katikati unaachwa ua, na vyumba vinauzunguka. Akasema ukuta mnene ni kwa ajili ya joto, na ni kwa ajili ya vita pia.

Vita ilikuwepo kweli. Stanley, mwandishi wa gazeti, alipopita hapa mwaka 1871 akienda kumtafuta Livingstone, aliwakuta Waarabu wa Unyanyembe, ndiyo nchi hii ya Tabora, wakipigana na Mirambo, mtemi wa Urambo. Akajiingiza upande wao, na upande huo ukashindwa. Njia ya moja kwa moja ya kwenda Ujiji ikafungwa, ikambidi azungukie kusini. Mwaka uliofuata, mwezi wa pili, alirudi Kwihara akiwa na Livingstone, aliyemkuta Ujiji. Mwezi wa tatu Stanley akashika njia ya pwani. Livingstone akabaki kwenye nyumba hii akisubiri wapagazi watumwe kutoka pwani, akasubiri mpaka tarehe 25 Agosti 1872 alipoondoka kwa safari yake ya mwisho. Miezi zaidi ya mitano ya kusubiri watu wa kubeba mizigo. Mzee alipofika hapo akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Bila mpagazi hakuna Mzungu aliyefika popote."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokosa mara ya kwanza. Mwaka 1873 Livingstone alirudi Unyanyembe akiwa maiti. Watumishi wake Waafrika, Chuma, Susi na wenzao, waliukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaubeba kutoka Chitambo. Hapa wakakutana na Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone akiwa hai. Cameron akawashauri wamzike huku huku. Wakakataa. Wakaunyanyua mzigo wao wakaendelea na njia mpaka Bagamoyo, wakafika mwezi wa pili 1874, na tarehe 18 Aprili mwaka huo mwili ukazikwa Westminster Abbey, London. Mwongozaji wangu wa kwanza alitaka kumzika Livingstone Kwihara. Historia ya kweli ya Kwihara ni ya watu waliokataa kumzika hapo.

Baba alikaa kwenye kiti tulichombebea (beba kiti kama una mzee, hili usilisahau), akaanza kusema mambo ambayo sijawahi kuyasikia nyumbani. Kwamba babu yake alikuwa akiwasimulia watoto habari za wakubwa wake waliobeba pembe kwenda pwani. Frasila mbili begani, kama kilo thelathini na mbili, miezi mitatu kwenda. Yule mzee akadakia, akasema jina Bagamoyo kwa wapagazi lilikuwa bwaga moyo, yaani umefika, tua mzigo na moyo utulie. Wakaingia kwenye utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, namna ulivyozaliwa kwenye njia hiyo hiyo kwa watu waliolishana na kuzikana ugenini. Na hawakuruka yale mengine: kwamba njia ya pembe ilikuwa njia ya watumwa pia, na si kila aliyeitembea alikuwa ameajiriwa. Sauti ilishuka hapo. Mwaka 2006 serikali yetu iliiweka njia hiyo kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, na Kwihara ni kimojawapo cha vituo vyake sita, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji. Nilikuwa nalijua hilo kwa kusoma. Kumsikia baba akilisimulia kama jambo la ukoo ni kitu kingine.

Tulitumia saa nne Kwihara. Sehemu nyingine nilizokuwa nimeziandika nikazifuta, na sijutii hata moja.

Ukibaki na muda, pita mjini polepole. Boma la Wajerumani liangalie kwa mbali: ni eneo la jeshi, simu ibaki mfukoni, na usimlazimishe dereva akusimamishie pale upige picha moja tu, maana atakayepata usumbufu ni yeye. Muombe mwenyeji wako akuhadithie habari za Mtemi Isike, aliyewapinga Wajerumani na mwezi Januari 1893, ngome yake ilipovamiwa, akawasha baruti akajilipua kuliko kutiwa mikononi mwao. Stesheni ni jengo la enzi za Wajerumani pia, reli ilifika Tabora mwaka 1912. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Urambo kwa Mirambo usiichanganye na Kwihara siku moja. Iachie siku yake.

Kuhusu majira: barabara ya Kwihara ni ya udongo. Kuanzia mwezi wa kumi na moja mvua zikikolea, gari dogo linaweza kukwama kwenye tope ukashinda unasukuma. Mwezi wa sita mpaka wa nane ndio mzuri, asubuhi kuna baridi kidogo na njia imekauka. Beba maji, beba kitu cha kutafuna. Sisi mama alitufungia matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, na mzee akatuambia wapo wanaosema jina la Tabora limetokana nayo. Beba pia noti ndogo ndogo. Chenji kijijini ni shida, na ni aibu kumpa mzee noti ya elfu kumi ukamwambia akurudishie.

Wanaoendelea mpaka Kigoma, Ujiji ni habari tofauti. Kutoka Kigoma mjini ni karibu, daladala zipo na bajaji zipo, gari la kukodi la siku nzima huhitaji. Hela hiyo mpe mwongozaji. Eneo la kumbukumbu lina miembe, lina mnara, lina sanamu za Livingstone na Stanley wakisalimiana, na walio na haraka humaliza kwa nusu saa. Mimi nilimwomba aliyetuongoza tutembee naye kwa miguu kuelekea ziwani. Zamani maji yalikuwa karibu zaidi na pale walipokutana, leo unatembea kipande kizuri kabla hujaiona mitumbwi. Kwenye kipande hicho tulipita nyumba za Waswahili wa Ujiji zenye mabaraza yake, wanawake wanauza mawese kwenye chupa, dagaa wameanikwa, na mji wenyewe ukaanza kueleweka: soko la mwisho wa njia, au la mwanzo, kutegemea unatokea upande gani. Usikubali kurudi bila kutembea kipande hicho.

Yule dereva wa safari ya baba, kijana wa Igunga, alituambia njiani kwamba ameshapeleka watu pale mara nyingi na hajawahi kuingia mlangoni. Kila mara alikuwa anabaki garini. Siku ile nilimlipia kiingilio. Alisimama nyuma ya kiti cha baba muda wote, mikono mgongoni, na tulipokuwa tunarudi alimuuliza mzee maswali mpaka tukamshusha nyumbani kwake. Mwezi uliopita nilimpigia kwa ajili ya wageni wengine. Kabla hata hatujaongea bei, aliniuliza kama yule mzee nimeshamwambia.