Milia ya Dakota haipigwi rula

Swali lenu la wiki liliuliza: ni kazi gani ya mikono unayoifanya bila kulipwa hata senti, na kwa nini huiachi? Yangu ni kuunda ndege za kijeshi za plastiki, ndogo ndogo, kisha kuzipaka rangi. Najua wapo watakaocheka. Shangazi yangu hapa Tanga kila akipita mezani kwangu husema, "Mwanangu, na midoli hiyo utaoa lini?" Mimi naendelea kupiga msasa.

Kinachonishika ni rangi. Kuunganisha vipande si kazi ya ajabu: unakata kipande kutoka kwenye fremu yake kwa koleo dogo, unasugua pale kilipokatiwa, unagundisha, unaziba nyufa kwa puti. Mwenye subira na macho mazima anaweza. Kwenye rangi ndipo unapolazimika kujua ndege ilikuwa wapi, mwezi gani, nani aliishika brashi na alikuwa na muda kiasi gani.

Chukueni Dakota, ile C-47 ya Wamarekani, ndege ya kubebea askari na mizigo katika Vita vya Pili vya Dunia. Wazee wetu wanalikumbuka jina hilo, maana baada ya vita ndege za aina hiyo zilibeba abiria wa East African Airways. Yangu ni ya kipimo cha 1 kwa 72, yaani mtu wa futi sita anabaki inchi moja. Mabawa ya ndege halisi, mita 29 toka ncha hadi ncha, mezani kwangu ni sentimita 40. Kipimo chenyewe kimepitia jeshini. Mwaka 1942 Jeshi la Majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa sekondari wachonge modeli 500,000 za mbao kwa kipimo hicho hicho, zipakwe nyeusi tupu, ili marubani na wapiga mizinga wajifunze kuijua ndege kwa umbo lake. Kwa hiyo shangazi akisema midoli, namwambia midoli hii ilikwenda vitani.

Lakini kulijua umbo darasani ni kitu kimoja, na kulijua usiku, huku umetoka kupigwa mabomu, ni kitu kingine. Usiku wa 11 Julai 1943, huko Sicily, kisiwa cha Italia, ndege 144 zilizobeba askari wa miavuli wa Kimarekani zilipita juu ya meli za upande wao wenyewe. Meli hizo zilikuwa zimeshambuliwa na ndege za Wajerumani siku hiyo hiyo. Mzinga mmoja ukaanza, mingine ikafuata, na ndege 23 zikaangushwa na wenzao.

Milia ilitokana na misiba ya namna hiyo. Kabla ya kuvuka bahari kwenda kuivamia Normandy, pwani ya Ufaransa iliyoshikwa na Wajerumani, tarehe 6 Juni 1944, Washirika, yaani Wamarekani, Waingereza na wenzao, waliamuru ndege zao zipakwe milia mitano, mitatu nyeupe na miwili nyeusi, kwenye mabawa na kuzunguka kiwiliwili. Ndege ya injini moja, kila mlia upana wa inchi 18. Ya injini mbili kama Dakota, inchi 24. Ndege kubwa za mabomu zenye injini nne ziliachwa, kwa kuwa Wajerumani hawakuwa na nyingi za kufanana nazo. Na kwa sababu adui angejua mapema angeweza kuiga, amri ilicheleweshwa hadi siku chache za mwisho. Viwanja vyote vya kusini mwa Uingereza, watu wakashika brashi za kila aina. Ukitazama picha za siku zile utaona kingo zimepinda, nyeupe nyembamba hadi kijani cha chini kinachungulia, na mlia mmoja mpana kuliko jirani yake. Haraka ile ilikuwa na baraka zake.

Sasa mwana-modeli anabandika tepu, anapulizia kwa kompresa, na milia inatoka imenyooka kama ya pundamilia wa kuchapwa kwenye kitenge. Inapendeza, ila si Dakota ya Juni 1944. Mimi rangi ya msingi ndiyo ninayopulizia: kijani-kahawia cha jeshi juu, kijivu tumboni. Sipulizii alfajiri wala baada ya mvua, kwa sababu unyevu wa pwani yetu unaifanya rangi ya thina iote ukungu mweupe, na ile ya maji nayo jua likiwa kali hukaukia kwenye tundu la bomba. Usukani wa mkiani na vibao vinavyochezacheza nyuma ya mabawa navipa kijani kilichopauka kidogo. Vilivishwa kitambaa, na kitambaa hakipauki sawa na bati.

Milia napaka kwa brashi bapa, bila tepu. Inchi 24 kwa kipimo changu ni milimita 8 na nusu, basi naweka alama za penseli tu. Nyeupe naichanganya na tone la kijivu, nyeusi naichanganya na tone la kahawia, maana nyeusi tupu kwenye kitu kidogo huonekana kama shimo. Koti la kwanza ni jepesi, brashi ikivutwa kutoka mbele ya bawa kwenda nyuma. La pili halifiki kila mahali. Kuiga uharaka wa wale vijana kunanichukua jioni nzima kwa bawa moja.

Hapa nina ugomvi na wenzangu wengi. Wakimaliza milia wanachukua kipande cha sponji ya vyombo, wanachovya rangi ya fedha na kuichubua milia yote, wanamwaga na masizi, ili ndege "ionekane imepigana". Tarehe 6 Juni milia ile ilikuwa na umri wa siku mbili tatu! Ndege inaweza kuwa chakavu, kijani chake kimechujuka, mafuta yamechuruzika nyuma ya injini, lakini milia lazima iwe michafu kwa mkono wa mpakaji, si kwa uzee.

Ndege niliyoichagua ni ile iliyoitwa That's All, Brother, iliyoongoza msafara mkuu wa zaidi ya Dakota 800 usiku wa kuamkia 6 Juni. Baada ya vita iliuzwa, ikapita mikono mingi, ikaja kugunduliwa Oshkosh, Wisconsin, ikiwa karibu kukatwakatwa ifungwe injini za kisasa. Ilikarabatiwa na mwaka 2019 ikarudi Normandy kwa mabawa yake. Nazitazama picha zake za leo kwa furaha, ila kwenye milia naziamini zaidi za 1944.

Binamu yangu aliye Leeds ameniletea boksi jingine na anataka iwe Dakota ya Septemba mwaka huo huo, zilipopeleka askari Uholanzi. Hiyo ni kazi nyingine kabisa. Kufikia wakati huo milia ya juu ya mabawa ilikuwa imeamriwa ifutwe, kwa kuwa ndege ikiegeshwa ilionekana waziwazi kutoka angani, na ya chini ikabaki. Tumboni, basi, nyeupe na nyeusi zilizochakaa miezi mitatu, na hapo sponji ya wenzangu ina nafasi yake. Mgongoni, viraka vya kijani kibichi kuliko kijani kinachovizunguka.