Cheni Inataka Oili, Breki Inataka Ukavu

Wiki hii dereva mmoja wa bodaboda ameniandikia: tangu afungue tairi la nyuma na kupaka cheni oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, breki ya dramu inateleza. Fundi ameshapiga msasa mara mbili, hali ni ile ile.

Ndugu yangu, msasa hautakusaidia. Shuu, yaani vile vipande viwili vinavyobana dramu kwa ndani, hunyonya oili kama sifongo. Ukikwangua unaondoa ya juu tu. Ukiteremka mlima na breki ikapata moto, ya ndani inachuruzika upya. Nunua shuu mpya, zote mbili. Dramu ioshe kwa sabuni na maji ya moto, uikaushe kabisa. Usitumie mafuta ya taa wala dizeli, huacha utando unaoteleza. Vumbi la shuu usilipulize, kwani huenda lina asbestosi, nyuzi zinazodhuru mapafu; lifute kwa kitambaa kilicholowa.

Oili iliingiaje? Mara nyingi ni kwa mikono na kitambaa kile kile kilichofuta cheni, au grisi iliyojazwa kupita kiasi kwenye beringi na kamu (kipande kinachosukuma shuu unapokamata breki), ikayeyuka kwa joto. Kamu inataka grisi kidogo mno, kama utando tu.

Sasa hiyo oili chafu. Inanisikitisha kuona bado inauzwa kwa chupa vijiweni! Ina masizi na chembe za chuma kutoka kwenye injini, na chembe hizo zinasaga cheni kama msasa. Grisi peke yake nayo inabaki nje na kukusanya mchanga, wakati msuguano unaoua cheni uko ndani, kati ya pini na bushi yake, yaani kibomba kinachoizunguka.

Tumia oili ya gia, namba 90. Zima injini, vidole vimekatwa na sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) kwa sababu mtu ameona uvivu kuzungusha tairi kwa mkono. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, sugua cheni kwa mswaki mkuukuu na mafuta ya taa, ikauke. Dondosha tone moja kila upande wa kila rola (kigurudumu kidogo cha kwenye pingili), kwenye upande wa ndani wa sehemu ya chini ya cheni, ili ikizunguka oili isukumwe kupenya. Fanya hivyo jioni, cheni ikiwa na uvuguvugu, iache ilale, asubuhi futa yote iliyobaki nje. Rudia kila kilomita 500 hivi, na kila baada ya mvua.

Cheni ya namba 428, pingili 20 zikiwa mpya ni milimita 254. Zikifika 259, badilisha cheni pamoja na sproketi zote mbili, maana sproketi iliyochongoka hula cheni mpya haraka.

Shuu mpya usizikamate kwa nguvu siku ya kwanza. Zizoeze kwa mwendo mdogo, kamata na kuachia, mpaka zilale vizuri kwenye dramu. Na tairi likipata tone la oili, lioshe kwa sabuni kabla hujabeba abiria.